Cherehani ya Kubebwa kwa Mkono Mmoja

Mama yangu ana ugomvi na kivuli. Kwetu Isansa, kahawa ikianza kuiva baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na wazee wanaijua dawa yake: asubuhi unakaa upande wa nyumba linakochomoza jua, mchana unahamia mbele barazani, alasiri unazunguka nyuma ya jiko mpaka jua lizame. Mama alilifuata jua hivyo maisha yake yote, vitambaa vyake mapajani, na aliyemzibia alisikia. "Kwani baba yako ni fundi vioo?" Sisi wanawe alituuliza hivyohivyo, na baba mwenyewe amekaa palepale anakunywa chai.

Kitu ambacho hakikulifuata jua ni cherehani. Ilikuwa ile nyeusi ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, na meza yake ya mbao na miguu yake ya chuma tena. Ilikaa sebuleni kona ileile tangu sijazaliwa. Mama alikata na kupanga vitambaa nje juani, kisha akaingia ndani kushona huku akilalamika kwamba vidole vimekufa ganzi.

Alichokishona hasa ni mablanketi ya viraka. Juu vipande vya vitenge vilivyounganishwa, katikati blanketi kuukuu, chini shuka, halafu vyote vitatu vinashonwa pamoja mistari kwa mistari visihame. Na pale mtaani kwetu vipande havinunuliwi. Binti wa jirani akitaka kuolewa, kila mwanamke wa karibu analeta kipande cha kitenge alichokivaa mwenyewe, kilichofuliwa mpaka kikalainika. Ukileta kipya kutoka dukani, mama anakurudishia: "Hiki hakijaishi." Sasa mtu haleti kipande akakitupa mezani akaondoka. Anakaa, anaeleza alikivaa harusi ya nani, anapewa chai na viazi, anasengenya kidogo kwa afya, anasaidia kukata. Ndiyo maana nyumba ya mama haikuwahi kuwa na kiti kitupu, hata baada ya baba kufariki.

Halafu magoti yakagoma. Si kwamba yaliuma siku moja yakapona, hapana, yaligoma kabisa. Mama akaanza kutembea na fimbo, na kukanyaga cherehani kukawa mateso. Alijaribu, akaacha, akaifunika kwa kitambaa. Wanawake walipoona hakuna kushona, wakapunguza kuja. Hakuna aliyemchukia, ila mtu na shamba lake na watoto wake anakwenda wapi bila sababu?

Asubuhi moja mama akateleza karibu na jiko akaanguka. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini hakuweza kuinuka. Alilala pale chini kwenye ubaridi mpaka jua likawa kali, ndipo jirani mmoja akapita kutafuta kuku wake akamwona. Enzi za kushona, mama asingemaliza hata robo saa pale chini.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye sauti kwetu, akapiga simu. "Kahawa ikishavunwa nakuja na pikapu, mama anakuja kukaa kwako Tunduma. Hawezi kuishi peke yake." Sikubisha. Tena niseme ukweli wangu, moyo ulinirukaruka kwa furaha. Watoto wangu wameshakua, wana miji yao, na mimi najua kula peke yangu kunavyochosha. Nilitafuta godoro, nikapaka rangi chumba cha nyuma, nikaweka pazia.

Kilichoniharibia furaha ni mama mwenyewe. Nilipokwenda kumweleza, nilijiandaa kwa vita, maana mama yangu anaweza kubishana na redio. Akasema, "Sawa." Nikasubiri mengine, hayakuja. "Sawa, mwanangu. Mtakavyoona." Akageuza uso akatazama mibuni, kule alikolazwa baba. Jamani! Bora angenitukana. Mama yule nisingempeleka Tunduma, ningepeleka nguo zake tu.

Nikampigia kaka palepale. Nikamwambia tatizo si kuishi peke yake, tatizo ni kutoshona, akishona watu watarudi na hakuna atakayemwacha chini. Kaka akaguna. "Magoti hayo atashonea nini, meno?" Nikamwambia zipo cherehani za umeme ambazo hazitaki miguu. Hapo akasema neno lake: "Nikija nikimkuta na watu, namwacha. Nikimkuta peke yake, nampakia." Kaka akisema hivyo ujue ndiyo imekwisha, hata ukilia machozi ya damu.

Basi nikaingia kazini. Mimi nauza vitenge Tunduma, cherehani nazijua kwa kuziona kwa mafundi, lakini kumchagulia mtu mwingine ni shughuli. Nilijikatia sampuli nyumbani: kitenge juu, blanketi katikati, shuka chini, nikaikunja kwenye mkoba. Nilishaona wauzaji wanavyojaribia cherehani kwa kitambaa chepesi cha leso, wanashona mstari mmoja, "Umeona mama? Moto!" Na mimi siendi kushona leso.

Duka la kwanza walinionyesha kadude keupe kenye waridi ubavuni. Kalikuwa kepesi, nilikanyanyua kwa vidole, nikafurahi. Nikatoa sampuli yangu. Muuzaji akaitazama kama nimemtolea godoro. "Mama, hiyo ni nene." Nikamwambia weka. Akaweka. Kadude kakaruka mishono, kakapiga kelele, kakaanza kutembea mezani kanatukimbia. Muuzaji akakadaka. Nikamuuliza, "Na mteja wako atashona huku amekakumbatia?" Akavuta mdomo, nikaaga.

Nikavuka mpaka nikaingia nchi ya jirani, Nakonde, maana vitu vingine kule vinakuja tofauti. Duka la pili wakanipa dude kubwa lenye kioo cha taa. Inadarizi maua, inaandika majina ya watu, sijui na nini. Ilimeza sampuli yangu bila kusita, hapo sitaidhulumu. Lakini nilipojaribu kuinyanyua kwa mkono mmoja bega likanilalamikia. "Kwa nini mkono mmoja?" akauliza mwenye duka. "Kwa sababu mkono wa pili umeshika fimbo." Hakunielewa, na mimi nilikuwa nimeshachoka kueleza.

Lakini nilipolisema lile neno kwa sauti yangu mwenyewe, ndipo nilipojua ninachotafuta. Mama atataka kulifuata jua. Asubuhi huku, mchana kule, alasiri kule. Mkono mmoja fimbo, mkono mmoja cherehani, bila kumsubiri mtu aje kumbebea. Akilazimika kusubiri mtu atakaa ndani, na akikaa ndani hakuna atakayemwona.

Duka la tatu lilikuwa la mama mmoja wa kulekule Nakonde, mnene, mcheshi, kila neno "mayo", yaani mama. "Karibu mayo, kaa mayo." Nikamweleza yote mpaka magoti. Hakunikatiza. Akaniwekea mezani cherehani ya kadiri, plastiki kwa nje lakini ukiigonga unasikia ndani ina mifupa ya chuma. Juu ina mpini wa kushikia. Chini ya mkono wake kuna nafasi pana, blanketi likikunjwa linapita bila kubanwa, na kuna kimeza kidogo cha kuchomeka ubavuni kuongeza nafasi. Mbele ina kitufe: ukibonyeza inashona, ukibonyeza tena inasimama, pedali ukitaka acha kwenye boksi. Na juu ya kitufe kuna kidude cha kusogeza, upande mmoja kimechorwa kobe, upande mwingine sungura, cha kupunguza na kuongeza mwendo.

Nikaweka sampuli. Ikaenda. Nikaikunja sampuli mara mbili, ikanguruma kidogo, ikaenda. Mishono imelala sawa, chini na juu.

"Nina ombi," nikamwambia. "Nipe ufagio."

Akanipa, masikini, bila kuuliza. Nikaugeuza mpini ukawa fimbo, mkono huu nikabeba cherehani, nikakunja goti moja kama mama, nikatoka nje ya duka nachechemea mpaka pembeni ya barabara, nikageuka, nikarudi. Weee! Wabadilisha fedha waliacha noti zao. "Mama, unahama na cherehani tu, mume umemwacha?" Dereva wa lori kwenye foleni akanipigia honi. Mwenye duka alikuwa ameshika mlango anacheka mpaka machozi, "Ee mukwai! Ee mukwai!" yaani ndiyo mheshimiwa, kwa lugha ya kwao. Nikafanya tena mzunguko, safari hii kwa mkono wa kushoto, maana sikukumbuka mama fimbo anashikia upande gani. Bega halikulalamika. Nikamwambia funga, hii ndiyo yenyewe. Bei tuligombana kidogo kwa heshima, tukaelewana.

Nilifika Isansa naimba. Nikamwamkia mama, shikamoo, marahaba, hata chai sikunywa, nikaitoa kwenye boksi, nikavuta waya wa umeme sebuleni. Mama akaizunguka na fimbo yake. "Hii? Mbona haina miguu?" Nikamwambia subiri uone. Nikasogeza kidude mpaka kwa sungura, nikabonyeza, ikafyatuka na mstari mrefu kabla hajapepesa macho. Nilijiona fundi wa dunia. Nikampisha kiti.

Mama akabonyeza. Cherehani ikaondoka kama ilivyoondoka kwangu. Na mtu aliyekanyaga cherehani maisha yake yote akitaka isimame anafanya nini? Anashika gurudumu kwa kiganja. Mama akalipiga gurudumu kofi, akaling'ang'ania, huku na kitambaa akikivuta kwa mkono mwingine. Sindano, ta! Ikakatika, kipande kikaruka sikuona kilikoangukia.

Akainua mikono yote miwili kama mtu aliyeshika chungu cha moto. "Rudisha ulikoitoa."

"Mama, ni ugeni tu..."

"Chombo hiki kina haraka ya kwenda wapi? Mimi nimeshona kabla hujazaliwa, hakuna cherehani iliyonikimbia. Rudisha. Na umwambie kaka yako aje."

Hasira zikanipanda, na mimi hasira zangu nilizirithi palepale alipokaa. "Nimezunguka Tunduma na Nakonde nzima nachechemea na ufagio, watu wananicheka kama kichaa, kwa ajili yako!"

"Nani alikutuma?"

Nikatoka nje nikabamiza mlango. Nikaenda kwenye pipa la maji nikanawa uso, nikanawa tena, maji ya baridi yale ya kuuma meno. Nilikuwa nalia kwa hasira na kwa uchungu. Nilijiambia basi, yamekwisha, aje Tunduma, si ndicho nilichotaka mwenyewe?

Niliporudi nikapitia dirishani kwanza kuchungulia amekasirika kiasi gani. Mama alikuwa bado amekaa pale mezani. Cherehani imezimwa, haina sindano. Mikono yake imekiweka kitambaa sawasawa chini ya ule mguu mdogo wa cherehani, anakisukuma taratibu kama kinashonwa, anajaribu tu. Na chini, kwenye sakafu ya saruji, nyayo zake zilikuwa zinakanyaga. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Magoti hayakuhusika, yalikuwa yametulia chini ya kitenge. Ni nyayo tu, polepole, kwa mwendo uleule niliolala nikiusikia utoto wangu wote. Nadhani mwenyewe hakujua kama anakanyaga.

Nikaingia kimya. Sikusema samahani, wala yeye hakusema. Nikaweka sindano mpya, nikatunga uzi, nikasogeza kidude mpaka mwisho kwa kobe. "Endelea kukanyaga," nikamwambia.

"Nani anakanyaga?"

"Wewe. Endelea hivyohivyo, mama."

Akajitazama miguu, akashtuka, akacheka kidogo kwa pua. Akaendelea. Nikabonyeza kitufe. Sindano ikashuka taratibu mno, miguu yake ikaizidi. Nikasogeza kidogo. Bado. Nikasogeza tena kidogo, nikiangalia chini na juu, chini na juu, mpaka sindano na kisigino vikawa vinashuka pamoja. Nikaondoa mkono. Mama akafika mwisho wa kitambaa, akapiga gurudumu kofi tena, lakini kwa mwendo ule halikufanya ubaya. Nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye kitufe. Akabonyeza, ikasimama. Akabonyeza, ikaenda.

"Heee," akasema mama yangu. "Kumbe inasikia."

Mpaka leo anapiga gurudumu kwanza ndipo abonyeze. Nimeacha kumsema.

Kesho yake asubuhi hakunisubiri. Niliamka nikakuta meza ndogo ameshaiburuta nje upande wa jua. Waya wa umeme umepita dirishani. Mama anatoka mlangoni, fimbo mkono huu, cherehani mkono huu, hatua moja baada ya nyingine. Nilitaka kukimbia nikampokee, nikajizuia kwa kung'ata shuka niliyojitanda. Akafika. Akaiweka. Akanitazama juu mpaka chini. "Unasimama hapo umeganda nini, lete vitambaa."

Sasa tazama jambo ambalo hata mimi mwenye akili nyingi sikulipangia. Ile cherehani ya zamani ilikuwa ndani, ukitaka kumwona mama ulipaswa kuingia. Hii iko nje, na njia ya kwenda kisimani inapita palepale. Wa kwanza kupita alikuwa yule jirani wa kuku, aliyemwokota mama. Akasimama na ndoo yake. "Kumbe unashona! Mbona hukusema? Na mimi binti yangu mahari imeshafika!" Ndoo haikufika kisimani asubuhi ile. Alirudi nyumbani akaja na kipande cha kitenge cha bluu, mama akakipapasa, akauliza, "Kimeishi?" Jirani akajibu kimeishi mpaka kimezaa. Wakacheka wote wawili mpaka mama akashika ubavu.

Mimi nilirudi Tunduma kwenye biashara yangu. Habari nikawa nazipata kwa simu. Leo wamekuja, kesho wamekuja na wengine, umeme umekatika lakini wamekaa tu wanakata vipande na kula viazi. Mama kwenye simu alikuwa hana muda na mimi. "Nitakupigia, nina watu."

Kahawa ikavunwa. Kaka akanipitia na pikapu, nyuma ameweka godoro ili mama asiumie njiani. Njia nzima mimi nasali kimoyomoyo, na sikujua nasali kitokee nini hasa. Chumba kilikuwa kimetandikwa, nilishafua na pazia.

Tulipofika ilikuwa alasiri, nyuma ya jiko pamejaa. Wanawake wamekaa mpaka juu ya kuni. Mmoja ameshika pembe ya blanketi, mwingine pembe nyingine, mama katikati na cherehani yake inanguruma. Kaka akatafuta pa kukaa, akakosa, akasimama na funguo mkononi. Tukaamkia, tukaitikiwa. Hakuna aliyesogea.

"Mama," kaka akasema, "gari iko tayari."

Mama akapiga gurudumu kofi, akabonyeza, ikasimama. "Gari ya kumpeleka nani?"

Kaka akanigeukia mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akaanza kucheka, yule mtu asiyecheka hovyo, akachomeka funguo mfukoni, akauliza kama viazi vimebaki. Wanawake wakapiga vigelegele, bakuli likapita juu ya vichwa likamfikia.

Baadaye walipokuwa wakimlisha na kumhoji habari za mke wake, mama akaniita kwa kidole, nikachuchumaa ubavuni kwake. Akaongea kwa sauti ya chini.

"Kile chumba umekitandika kweli?"

"Nimekitandika, mama."

"Nitakuja. Nije nichague vitenge, nilale, tuongee, nirudi. Nitakuja na shughuli zangu. Kuja kukaa tu, siji."

Nikasema sawa mama. Nilikuwa na furaha, jamani, furaha ya kweli, na palepale machozi yakaanza kunitoka, nikiwaza ile meza yangu ya Tunduma na sahani moja. Nikajifuta kwa kipande cha kitenge cha mtu. Mama akanitazama, mkono wake umeshafika kwenye kitufe.

"Sasa unalia nini? Si wewe mwenyewe uliyeinunua?"

Nikamwambia uzi wa chini unakaribia kuisha, nikainama kuubadilisha.